Mjadala: Karabakh imekwisha, Uturuki inasubiri nini kufungua mpaka na Armenia?

MLETA MADA

Salaam wadau. Tuziache kidogo Gaza na Tehran, tutazame kona ambayo huku kwetu hatuizungumzi sana.

Uturuki na Armenia zinapakana kwa zaidi ya kilomita 300, na hazijawahi kubadilishana mabalozi hata siku moja. Ankara iliitambua Armenia Desemba 1991, Sovieti ikivunjika, lakini ikaishia hapo. Aprili 1993 majeshi ya Waarmenia yalipoiteka Kelbajar, wilaya ya Azerbaijan, katika vita vya Nagorno-Karabakh (jimbo la Azerbaijan lililokaliwa na Waarmenia), Uturuki ikaufunga mpaka ili kuiunga mkono Azerbaijan. Treni iliyokuwa ikitoka Kars, Uturuki, kwenda Gyumri, Armenia, mwendo usiofika hata kilomita 100, ikasimama. Armenia ina majirani wanne. Kwa wawili njia imefungwa, na waliobaki ni Georgia na Iran. Barabara ya kupitia Georgia kwenda Urusi nayo ikijaa theluji, malori yanalala njiani.

Tangu mwisho wa 2021 nchi hizi mbili zinasogeleana kwa tahadhari kubwa. Kila upande uliteua mjumbe maalumu: Uturuki ikamtoa Serdar Kılıç, aliyekuwa balozi wake Washington, na Armenia ikamtoa Ruben Rubinyan, naibu spika, kijana kabisa. Walikutana mara ya kwanza Moscow Januari 2022. Februari ndege zikaanza tena kati ya Yerevan, mji mkuu wa Armenia, na Istanbul. Julai mwaka huohuo wakakubaliana kwamba raia wa nchi nyingine waruhusiwe kuvuka kwa barabara, yaani hata wewe mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya, ila si wao wenyewe. Mwaka 2025 ukaisha bila hilo kutekelezwa. Kama hiyo si danadana, sijui tuiite nini.

Lakini daraja linapitika wakitaka. Februari 2023, tetemeko lilipoua maelfu kwa maelfu kusini mwa Uturuki, Armenia ilituma waokoaji na misaada. Tarehe 11 malori matano yalivuka daraja la Margara, juu ya mto Araks, kuingia Uturuki. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka 30. Hapakuwa na mkataba wala ubalozi, na hapakutokea baya lolote.

Sasa hoja yangu. Sababu iliyotajwa 1993 ilikuwa Karabakh. Mwaka 2020 Azerbaijan ilirudisha sehemu kubwa ya ardhi kwa vita, na Septemba 2023 ikamaliza kazi ndani ya siku moja. Waarmenia zaidi ya 100,000 wakahama Karabakh wakiwa na walichoweza kubeba. Yaani kile Uturuki ilichokidai kimetimia, tena kwa ukatili ambao hata waliokidai hawakuuandika kwenye madai yao. Mbona lango bado limefungwa?

Jibu linajulikana: inasubiriwa Baku, yaani serikali ya Azerbaijan, iseme ndiyo. Agosti 2025 Pashinyan, waziri mkuu wa Armenia, na Aliyev, rais wa Azerbaijan, walikutana Washington, mawaziri wao wa mambo ya nje wakatia herufi za majina yao kwenye rasimu ya mkataba wa amani. Sahihi kamili haikuwekwa, kwa sababu Azerbaijan inataka kwanza Armenia ibadilishe katiba. Kwa hiyo mkulima wa Margara, ili auze nyanya ng'ambo ya mto, anasubiri kura ya maoni ya katiba inayotakiwa na nchi ya tatu.

Na hili limewahi kuua maridhiano. Septemba 2008 Rais Abdullah Gül wa Uturuki alikwenda Yerevan kutazama mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, Uturuki ikashinda 2-0. Oktoba 2009 Sargsyan, rais wa Armenia, naye akaenda Bursa, Uturuki, akafungwa 2-0 vilevile (kwa mpira wale jamaa hawakuwa na huruma). Siku chache kabla ya mechi hiyo ya pili, mawaziri wa mambo ya nje walisaini itifaki mbili mjini Zurich: ya kuanzisha ubalozi na ya kufungua mpaka. Hata siku hiyo sherehe ilichelewa kama saa tatu wakibishana juu ya hotuba ambazo mwishowe hazikusomwa, Hillary Clinton akihangaika kwenye simu. Lakini Erdoğan, waziri mkuu wa Uturuki wakati huo, alikuwa ameshaahidi Baku tangu Mei kwamba mpaka haufunguliwi kabla Karabakh haijarudi. Itifaki hazikupigiwa kura bungeni. Armenia ilisimamisha mchakato 2010, na 2018 ikazitangaza ni batili.

Msimamo wangu ni huu: Uturuki ifungue mpaka sasa, bila kusubiri Baku. Mabalozi watafuata. Suala la mauaji ya Waarmenia ya 1915 litafuata, na litachukua muda mrefu kuliko umri wetu. Anayepinga alete hoja.

MDAU, ARUSHA

Mkuu, mada nzuri, ila umeanzia mwisho. Sisi tunaokaa karibu na Namanga tunakumbuka. Tanzania ilifunga mpaka na Kenya Februari 1977, Jumuiya ilipokufa, na ukafunguliwa Novemba 1983. Ulifunguliwa kwa sababu wazee walikaa hapa Arusha, Nyerere, Moi na Obote, wakakubaliana nani anachukua nini katika mali ya Jumuiya, baada ya yule Mswisi Umbricht kupiga hesabu kwa miaka. Hesabu kwanza, lango baadaye. Ukifungua lango na deni liko palepale, siku ya ugomvi mdogo tu unafungwa tena, na aliyekwishajenga ghala mpakani ndiye anayelia.

MDAU, MOMBASA

Naona watu wanailaumu Uturuki kama vile ni nchi ya misaada. Heydar Aliyev, rais wa zamani wa Azerbaijan, alisema wao na Waturuki ni taifa moja, dola mbili. Na si maneno ya harusini. Bomba la mafuta la Baku, Tbilisi hadi bandari ya Ceyhan, Uturuki, linafanya kazi tangu 2006. Reli ya Baku hadi Kars kupitia Georgia tangu 2017. Bomba la gesi la TANAP tangu 2018. Angalia ramani uone jinsi vyote vinavyoizunguka Armenia kwa makusudi. Wewe ungekuwa rais wa Uturuki, ungemuudhi anayekupa gesi kwa ajili ya soko la watu milioni tatu? Tuwe wakweli, hiyo ndiyo siasa ya nchi yoyote.

Na Armenia nayo iseme ukweli. Mpaka huo umelindwa na askari wa Urusi tangu 1992, na kambi ya Warusi iko Gyumri hapohapo. Uturuki ni mwanachama wa NATO. Mnataka ifungue lango likiwa na mlinzi wa nani?

MDAU, ISTANBUL

Mimi nasoma huku, niwape ya mtaani. Eneo la Kumkapı, karibu na makao ya Patriarki wa Waarmenia, utakutana na wanawake waliotoka Armenia yenyewe, achana na Waarmenia wa Istanbul wa miaka yote. Wengi wanafanya kazi za ndani, wanalea watoto na wazee wa Kituruki. Kwenda kwao wanapanda basi kutoka Aksaray, linazunguka Georgia, safari ya zaidi ya siku nzima. Wenye uwezo sasa wanapanda ndege. Mizigo nayo inazunguka hukohuko: bidhaa za Uturuki zimejaa Yerevan miaka yote, isipokuwa 2021 ambapo Armenia ilizipiga marufuku kwa hasira ya vita, na marufuku yenyewe ikaachwa iishe mwaka mmoja baadaye. Kwa hiyo mzee wa Mombasa, biashara ipo tayari. Anayefaidi kufungwa kwa mpaka ni mwenye malori wa Georgia.

Na msidhani Waturuki wote wanafikiri kama Ankara. Nendeni Kars mkaulize wenye hoteli na maduka. Mji ule uko mwisho wa reli iliyokatwa, wanataka lango lifunguliwe kuliko hata Waarmenia. Ulikuwa na meya, Naif Alibeyoğlu, aliyetaka kujenga sanamu ya maridhiano juu ya kilima: mtu mmoja aliyepasuliwa nusu mbili, nusu hizo zikitazamana, zaidi ya mita 30 kwenda juu. Kazi ya mchongaji Mehmet Aksoy. Januari 2011 Erdoğan alipita Kars akaiita kitu cha kutisha, na kufikia Aprili walianza kuibomoa kipande kwa kipande. Haikuwa hata imekamilika.

MDAU, MUSCAT

Mbona hakuna aliyegusa 1915? Mleta mada kaipitisha kwa mstari mmoja kama anayeruka dimbwi. Watu hadi milioni moja na nusu wanakadiriwa kuuawa, na Ankara mpaka leo inakataa kuyaita mauaji ya kimbari. Waarmenia wa Beirut, Marseille na Los Angeles ni wajukuu wa waliofukuzwa Van, Kharpert na Mush. Mpaka wa Margara hauwahusu sana. Wanachohofia ni Yerevan kuuza kumbukumbu yao kwa bei ya nyanya. Na dalili zipo. Pashinyan anahubiri "Armenia halisi", yaani ile iliyo ndani ya mipaka ya leo, na serikali yake imeuondoa mlima Ararat kwenye muhuri wa pasipoti, mlima unaouona kutoka dirishani Yerevan ingawa uko Uturuki. Kila mwezi Armenia inatoa kitu. Upande wa pili umetoa nini?

MDAU, KIGALI

Niliogopa kuingia kwa sababu najua nitavutwa upande mmoja, ila ngoja niseme. Rwanda ilivunja uhusiano na Ufaransa Novemba 2006, jaji wa Kifaransa Bruguière alipotoa hati za kuwakamata wasaidizi wa Rais wetu. Ukarudishwa Novemba 2009. Ripoti ya Duclert, ya wanahistoria wa Kifaransa juu ya nafasi ya nchi yao katika mauaji ya kimbari ya Watutsi, ilitoka Machi 2021, na Macron akaja kwenye makumbusho ya mauaji hayo Gisozi Mei mwaka huo kusema aliyoyasema. Yaani ubalozi ulitangulia, ukweli ukaja zaidi ya miaka kumi baadaye, tena nusunusu.

Mleta mada atashangilia hapo. Asishangilie haraka. Ufaransa haikuwahi kukana kwamba mauaji ya kimbari ya Watutsi yalitokea; ubishi ulikuwa juu ya mchango wake. Ukikaa mezani na anayesema tukio lenyewe halikuwa hivyo, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Mimi naunga mkono lango kufunguliwa. Ila mtu asimwambie manusura wala mjukuu wake kwamba lango ndilo maridhiano.

MLETA MADA

Ahsanteni. Dada wa Kigali amenibana vizuri, na nakubali: lango ni lango. Ndiyo maana nataka litenganishwe na 1915. Itifaki za Zurich ziliweka humo kamati ndogo ya kuchunguza historia, na hicho ndicho kilichowachoma sana Waarmenia wa ughaibuni, kwamba kaburi la babu linawekwa kwenye ajenda ya kamati. Safari hii wajumbe wameacha historia nje ya meza, na mimi naona ni heshima kuliko kuiweka mezani ikapigwe bei. Wa Muscat umeuliza Uturuki imetoa nini. Ndege za abiria, na Januari 2023 ruhusa ya ndege za mizigo. Basi. Pungufu, nakubaliana nawe.

Wa Arusha, mfano wako ni mzuri lakini unanisaidia mimi. Kenya na Tanzania zilikuwa na deni linalohesabika: ndege, mabehewa, meli, fedha. Kinachodaiwa kati ya Yerevan na Ankara hakina Umbricht wa kukipigia hesabu. Na muhimu zaidi, Nyerere hakumwambia Moi asubiri mpaka nchi ya tatu iridhike.

Suala la walinzi wa Kirusi ni zito, silikwepi. Ila uliza kwa nini Armenia ilijibanza kwa Urusi miaka yote hiyo. Nchi iliyofungiwa milango miwili kati ya minne haina anasa ya kuchagua mlinzi. Uturuki yenyewe ilimsaidia Moscow kuikamata Yerevan. Sasa Pashinyan anajaribu kujinasua, na Ankara inamtazama tu.

MDAU, MOMBASA

Maneno matamu. Niambie kitu kimoja tu: waziri gani wa Ankara atasaini kufungua mpaka bila baraka ya Baku, akijua kesho yake simu ya gesi italia?

MLETA MADA

Alishapatikana, mzee wangu. Davutoğlu, waziri wa mambo ya nje wa Uturuki wakati huo, alisaini Zurich 2009, Karabakh ikiwa bado mikononi mwa Waarmenia na mafuta ya Baku yakipita Ceyhan kwa mwaka wa nne. Kilichokosekana ni mtu wa kuzipeleka itifaki kwenye kura, na chama chake kilikuwa na wingi wa viti bungeni.