Paka kazimia wiki chache baada ya sisi kuugua korona. Moyo unahusika?

BintiTanga_Reading:
Wakuu habari zenu. Mimi ni wa Tanga, naishi Reading, Uingereza, kazi yangu ni kutunza wazee. Mwezi uliopita korona ilitulaza mimi na mume wangu. Paka wetu Shombe muda wote alikuwa kajikunja juu ya mto wangu, na nguvu za kumfukuza sina. Tumepona. Juzi karuka kutoka dirishani, kapiga hatua mbili, kaanguka ubavu. Kidogo akainuka, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeanguka. Hakohoi wala hapigi chafya, ila anahema haraka na hata samaki kagoma. Daktari kamsikiliza, anasema mapigo yanarukaruka, twende kwa bingwa wa moyo. Bei sitaji, mtaanza kunihesabia mbuzi. Korona inaweza kufika kwenye moyo wa paka?

Mzee_wa_Pweza:
Mbuzi wangapi lakini? 😂 Pole dada. Huku paka akianguka tunasema kala sumu ya panya.

DaktariMifugo_Moro:
Pole sana dada. Jambo hilo limeshaonekana hukohuko jirani yako. Kati ya Desemba 2020 na Februari 2021, hospitali ya rufaa ya wanyama pale Marlow iliona paka na mbwa wenye dalili za kuvimba misuli ya moyo wakipanda kutoka asilimia 1.4 hadi 12.8 ya waliopelekwa kwa tatizo la moyo. Ndicho kipindi kirusi aina ya Alfa kilipokuwa kinatamba Uingereza. Dalili ni hizo zako: unyonge, kuhema, kuzimia, bila mafua. Wenye wanyama wengi walikuwa wameugua wiki 3 hadi 6 kabla. Paka wawili na mbwa mmoja walikutwa na kirusi chenyewe, wengine watatu wakakutwa na kingamwili. Wengi walipata nafuu.

Ila kirusi kukutwa mwilini si ushahidi kwamba ndicho kilichoumiza moyo, na waliochapisha utafiti walisema hivyo wenyewe. Paka ana ugonjwa wake wa moyo ulio wa kawaida zaidi, misuli kuwa minene, na unaweza kujificha miaka. Ultrasaundi ya moyo na kipimo cha damu cha troponini (protini inayovuja misuli ya moyo ikiumia) vitasaidia kutofautisha. Mtajie bingwa habari ya korona, lakini usimng'ang'anize.

Mhesabie pumzi akiwa amelala. Zikizidi 30 kwa dakika, usingoje miadi. Na usimpe panadol hata kipande, inaua paka.

Mzee_wa_Pweza:
Panadol? Mke wangu alimpa wetu mwaka juzi. Kumbe!

BintiTanga_Reading:
Nimehesabu sasa hivi: 44. Mume anawasha gari. Asante daktari, nitaleta majibu.