Msajili akikosea tarehe, kwa nini ife rufaa ya mwananchi?

Mtoa mada: Tuwaweke kando wanaolala usingizi. Namzungumzia mrufani wa hapa Tanzania aliyetimiza wajibu: hukumu ya Mahakama Kuu imetoka, kusudio la kukata rufaa Mahakama ya Rufani kaliwasilisha ndani ya siku 30, mjibu rufaa kafikishiwa nakala ndani ya siku 14, barua kwa Msajili ya kuomba mwenendo wa shauri (nakala ya kumbukumbu za kesi) imeandikwa. Mwenendo unakaa mwaka. Siku unatoka, cheti cha ucheleweshaji, kile cha Msajili kinachoonyesha siku za kusubiri mwenendo zisizohesabiwa, kinakuja na tarehe mbovu. Pingamizi linaibuliwa, cheti kinakataliwa, siku 60 za kuwasilisha rufaa zinaonekana zilishapita zamani. Kosa la masijala, gharama kwa mwananchi. Mnaitetea vipi?

Ngazi ya Tatu: Wakili msomi, cheti hicho hukabidhiwa nani? Msimamo unajulikana tangu kesi ya Kantibhai Patel dhidi ya Dahyabhai Mistry, 2003: cheti chenye kosa kimekufa. Kukikagua ni dakika tano. Angalia namba ya shauri, tarehe ya barua yako, na tarehe uliyoarifiwa kuwa nakala ziko tayari. Kosa linalojirudia ni kuondoa siku kuanzia tarehe ya hukumu badala ya tarehe ya barua. Mrufani anafurahi kapewa siku za ziada, kumbe kapewa kitanzi.

Bi Masijala: Mnagombania cheti, barua mmeisahau. Kanuni ya 90 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani inataka iandikwe ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na mjibu rufaa apewe nakala. Usipompa, cheti hakikuokoi hata kingeandikwa kwa wino wa dhahabu. Tunzeni ile nakala aliyoigongea muhuri wa kupokea.

Halafu hesabu. Siku 60 zinaanzia siku ya kuwasilisha kusudio. Wengi huanza kuhesabu siku waliyochukua mwenendo. Chukua mfano: kusudio tarehe 10 Machi, barua tarehe 24 Machi. Wiki mbili hizo hakuna cheti cha kuzifuta, kwa hiyo mwenendo ukitoka umebakiwa na siku kama 46. Barua na kusudio viende siku moja.

Mtoa mada: Nakubali kuhusu barua. Ila tazama marekebisho ya Kanuni hizo ya 2019: Msajili ana siku 90 za kuandaa mwenendo. Zikipita, mrufani ana siku 14 za kwenda kuufuata. Asipokwenda anaitwa mzembe. Msajili aliyepitisha siku 90 anaitwaje?

Mvita: Huku Kenya kusudio ni siku 14, na cheti tunacho vilevile. Nyinyi wenye 30 mnalia?

Ngazi ya Tatu: Mtoa mada, hapo kwenye 90 na 14 una hoja, sitabisha. Lakini usimsahau aliyeshinda. Ana tuzo (amri ya ushindi wake) mkononi na anataka kukazia hukumu, yaani itekelezwe. Ile kanuni ya haki kwanza, kwamba haki isikwamishwe na ufundi wa kisheria, iliyoingizwa kwenye sheria mwaka 2018 haifuti ukomo wa muda. Na mlango haujafungwa kabisa: zipo rufaa ambazo Mahakama imeruhusu cheti kirekebishwe na kumbukumbu za nyongeza ziletwe. Anayeliona kosa na kuomba mapema ana nafasi kuliko anayeshtushwa na pingamizi.

Ukichelewa kabisa, kuna kanuni ya 10, kuomba kuongezewa muda, na vigezo vya kesi ya Lyamuya vya kupima sababu za kuchelewa. Watu huangukia kwenye kiapo kinachoeleza sababu hizo. Wanaandika "wakili aliugua" bila cheti cha hospitali, wanamtaja karani ambaye hajaapa, wanaeleza miezi mitatu na kuacha siku tisa za mwisho wakati maombi yanaandaliwa. Kesi ya Bushiri Hassan inadai maelezo hata ya siku moja.

Mtoa mada: Basi cheti kitolewe na mfumo wa kielektroniki, tarehe zote zimo humo. Mkono wa mtu utoke.

Bi Masijala: Sawa, ila mfumo utasoma ulichoingiza. Barua ikiwa imechelewa wiki mbili nyuma ya kusudio, utakuchapishia hasara yako bila kosa hata moja.