Tupeane uzoefu: mliolelewa au mnaolea mtoto msiyemzaa, aliambiwa lini na nani?

Wakuu, nina binti wa miaka minne. Sikumzaa. Tulimchukua kituo cha watoto akiwa na miezi saba, tukakaa naye miezi sita kama walezi wa kambo, yaani wa muda, huku Afisa Ustawi wa Jamii akija kututazama, ndipo ombi la kuasili, yaani kumfanya mwanetu kisheria, likaenda Mahakama Kuu. Karatasi zote ninazo. Juzi jirani mjamzito kamshikisha tumbo, binti akarudi ananiuliza, "Mama, na mimi nilikuwa nakupiga mateke?" Nikamwambia ale ugali kwanza. Nyie mlifanyaje?

Mtoto wa Sanduku
Mimi ndiye huyo binti, ila nina miaka 34. Niliambiwa msibani. Baba hajamaliza arobaini, kikao cha ukoo kikakaa, baba mdogo akasema huyu si damu yetu, asihesabiwe. Mama akainuka bila neno, akarudi na amri ya mahakama aliyoifunga kwenye khanga chini ya sanduku la bati. Mbele ya sheria aliyeasiliwa hurithi kama wa kuzaliwa, basi mirathi ikaishia hapo. Lakini karatasi ile ilisomwa kwa sauti, na humo ndimo nilimosikia jina langu la kwanza, mbele ya watu wanaokunywa chai.

Kumbe hata mama wa genge alijua! Mama aliyenizaa sijawahi kumkasirikia. Niliowakasirikia ni mashangazi walionisuka nywele miaka yote ile wakiwa wamenyamaza. Dada, mwambie sasa hivi akiwa bado anauliza mambo ya mateke.

Bi Mkubwa wa Unguja
Kwetu siri haiwezekani, mwanangu. Sisi tumechukua kwa kafala, yaani kulea mtoto Kiislamu bila kumbadilisha nasaba, na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 inaitambua. Mtoto hubaki na jina la babake, linaitwa shuleni kila asubuhi na halifanani na la mume wangu. Urithi kwetu hana, ila tumemwandikia wasia ndani ya theluthi ya mali. Wifi yangu alikuwa na mchanga wake, akamnyonyesha mara tano za kushiba, hivyo mume wangu ni mjomba wake kwa kunyonya na ndani binti hajifuniki mbele yake. Anajua kila kitu tangu hajajua kusoma.

Mlezi wa Muda
Nyie mna amri ya mahakama. Sisi wa kambo tuna barua ya Ustawi tu. Usiku mmoja mtoto ana homa kali, mapokezi wananiuliza "wewe ni nani wake?" mpaka nikalia. Sasa nakala ipo kwenye pochi, nyingine kwa mwalimu wake, nyingine kwa dereva wa bodaboda. Posho sijawahi kuiona. Mtoto wa kwanza alirudishwa kwa bibi yake baada ya mwaka, na hakuna aliyeniuliza nimelalaje.

Jirani wa Mombasa
Poleni. Huku Kenya tangu 2021 mwajiriwa anayeasili ana haki ya likizo ya mwezi mmoja yenye mshahara. Bosi wangu alikuwa hajui, nikamchapishia kifungu.

Mleta mada
Nimemwambia jana tukioga. Nikamwambia tumbo lilikuwa la mama mwingine, mgongo uliokubeba ndio huu. Kafikiri kidogo, kauliza huyo mama mwingine naye alipigwa mateke? Nikasema bila shaka. Akacheka, akaomba nimmwagie maji tena kichwani.