Re: Binti wa Tukuyu na aota iliyotanuka: tuanzie wapi kabla ya kuchanga?

KUTOKA READING, UINGEREZA

Ndugu zangu wa Nyanda za Juu, habari za siku. Mtoto wa marehemu kaka yangu, binti wa miaka 19, yuko kwao Tukuyu. Alipigwa eko ya moyo (kipimo cha ultrasaundi) Mbeya, wakakuta mshipa mkuu, aota, umetanuka pale unapotokea kwenye moyo: sentimita 4.8. Ni mrefu, vidole virefu, macho yana shida, na daktari amesema ni Marfan, ugonjwa wa kurithi unaolegeza tishu zinazoshikilia mwili. Baba yake alianguka ghafla shambani akafariki, hatukujua sababu. Tunataka kuchanga aje apasuliwe huku. Tuanzie wapi?

KUTOKA LEICESTER, UINGEREZA

Kaka, pole sana, na pole ya marehemu pia. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji wa moyo, na kwetu ni Uyole. Nakuomba jambo moja: kabla ya nauli, jueni kwanza atafanyiwa upasuaji wa aina gani, na mlijue hilo mkiwa mnafikiria atakapoishi baadaye. Maana upasuaji ni siku moja, kisha binti anarudi Tukuyu.

Kwa mwenye Marfan, kawaida mzizi wa aota, yaani pale inapotokea kwenye moyo, hupasuliwa ukifika sentimita 5.0. Lakini madaktari hushuka hadi 4.5 ikiwa kuna ndugu aliyechanikiwa aota, ikiwa unatanuka haraka, au ikiwa mgonjwa ni mwanamke anayetaka kuzaa. Kwa hiyo hiyo 4.8 msiione ndogo, na habari ya baba yake aielezwe kila daktari hata asipoulizia.

Njia ziko tatu. Ya zamani ni ya Bentall, iliyoelezwa huku London mwaka 1968: mzizi unatolewa pamoja na valvu (mlango unaozuia damu isirudi kwenye moyo), linawekwa bomba la kitambaa lenye valvu ya bandia. Kwa kijana valvu hiyo mara nyingi ni ya mekanika, inadumu sana, lakini inamfunga kwa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote. Ya pili ni ya Tirone David wa Toronto, aliyoichapisha mwaka 1992: bomba linawekwa, valvu yake mwenyewe inabaki. Ya tatu ilianza mwaka 2004 katika Royal Brompton: aota inavalishwa soksi ya wavu kwa nje, iliyotengenezwa kwa vipimo vya picha za mgonjwa mwenyewe. Aliyeibuni ni injinia mwenye Marfan, na yeye ndiye aliyekuwa mgonjwa wa kwanza. Hiyo inafaa aota ikiwa haijatanuka kupita kiasi na valvu bado inafunga vizuri.

Fikiria sasa huyu binti akiwa na warfarini Tukuyu. Lazima apimwe INR (kipimo cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda) mara kwa mara, isishuke chini ya kiwango damu ikaganda kwenye valvu, isipande akavuja damu. Akiumwa tumbo akanunua flajili dukani, au akapewa septrini, INR inapaa. Mboga za majani zinaishusha; asiziache, ila ale kwa kiasi kilekile, si chainizi kila siku mwezi huu na mwezi ujao hakuna. Na akishika mimba, warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Ndiyo maana mimi ningemuuliza daktari swali hili kabla ya yote: je, valvu yake inaweza kuokolewa?

Ili lijibiwe, eko haitoshi. Inatakiwa CT ya aota yenye dawa ya kung'arisha mishipa, iliyopigwa kwa kufuata mapigo ya moyo. Ombeni CD yenye mafaili yote. Picha ya filamu iliyopigwa kwa simu na kurushwa WhatsApp haimsaidii mpasuaji kupima kitu. Aanzie JKCI, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Wanapasua moyo kila mara, na hupokea timu za mabingwa kutoka nje. Waulizeni wazi: njia ipi mnaifanya hapa, na nani?

Kuhusu kuja huku: mgeni hulipishwa na NHS, huduma ya afya ya serikali ya England, asilimia 150 ya bei, na kwa matibabu yasiyo ya dharura analipa kabla. Akija kwa visa ya matembezi tukitegemea mambo yatajipa, deni la pauni 500 likikaa miezi 2 linafika Home Office, wizara inayoshughulikia uhamiaji, na visa za mbele zinaweza kukwama.

Wakati anasubiri: asibebe ndoo ya maji kichwani wala gunia la viazi, dawa za presha asiziruke, na asishike mimba. Maumivu makali ya ghafla ya kifua au mgongo, kama kitu kinachanika, ni kwenda hospitali saa hiyohiyo. Na wadogo zake wapigwe eko wote. Kila mtoto wa mwenye Marfan ana uwezekano wa nusu kwa nusu.

KUTOKA MINNEAPOLIS, MAREKANI

Dada kasema vyema. Naongeza la vidonge. Mama yetu yuko Iringa, ana valvu ya bandia, na warfarini tulikuwa tunamtumia mimi na mdogo wangu aliye Manchester. Cha pinki cha Marekani ni miligramu 1. Cha pinki cha Uingereza ni miligramu 5! Mama anavitambua kwa rangi. Shangazi ndiye aliyesoma kopo kabla hajameza. Tumekubaliana dawa zinunuliwe sehemu moja tu, na dozi iandikwe kwa miligramu kwenye daftari la kliniki.

KUTOKA READING

Ndaga fijo, dada, na wewe kaka. Nimeongea na shemeji, wadogo zake wanapelekwa Mbeya wiki hii. Mchango tunauelekeza kwanza kwenye CT na nauli ya ndege ya Songwe kwenda Dar. Zile kilomita zaidi ya 800 za basi sitaki azipite. Mwenye ndugu Upanga au Kariakoo anayeweza kuwapokea binti na mama yake, naomba aniandikie pembeni.