Naomba ushauri: Nairobi na Kiambu zishirikiane zimamoto na taka?

Hamjambo wenzangu. Kamati ya wakazi huku Githurai imenipa kazi ya kuchunguza kama kaunti hizi mbili zingefaa kuendesha huduma fulani kwa pamoja. Githurai 44 iko Nairobi, 45 iko Kiambu, lakini watu ni wale wale, matatu ni zile zile, na mvua ikinyesha maji machafu hayajui mpaka. Mama mboga akivuka na mzigo wake anahofia kudaiwa ushuru mara ya pili.

Kisheria njia ipo. Kifungu cha 189 cha Katiba ya 2010 kinaruhusu serikali kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Tayari kuna NaMATA, iliyoundwa 2017 kushughulikia uchukuzi wa Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a.

Mimi naegemea kuanza na zimamoto na taka. Nyumba ikishika moto, gari lililo karibu ndilo lije, liwe la kaunti gani. Kinachoninyima usingizi ni pesa: gharama igawanywe kwa idadi ya watu au kwa matumizi? Na huduma ikikwama, mwananchi amshike MCA (mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti) yupi?

Aliyewahi kushughulikia bajeti ya kaunti, au kufanya utafiti wa aina hii, tafadhali anielekeze. Takwimu za gharama nianze kuziomba ofisi gani? Na wakazi niwaulize vipi bila kuwatilia majibu mdomoni? Ripoti inasubiriwa kabla ya vikao vya maoni ya bajeti.