Naombeni ushauri: shemeji anataka kupitisha ndege chini juu ya nyumba Kibosho

Mama_Njiro: Wakuu habari za jioni. Shemeji yangu ana leseni ya urubani na kandege ka watu wanne, Jumamosi tuna kipaimara Kibosho, anataka aruke kutoka uwanja wa ndege wa Kisongo, Arusha, aje azunguke chini juu ya nyumba awapungie wazee. Nina wasiwasi ila sitaki kumkwaza. Nimwambieje?

Mangi_wa_Kwasadala: Dada, mwenye hela hakataliwi ukoo huu. Kaka yangu alileta trekta breki zimechoka, tukanyamaza wote mpaka likaingia kwenye migomba ya baba.

Dada_Majengo: Hayo mafuta angewapelekea wazee bima ya afya. Maonyesho tu.

FundiBawa: Mleta mada, chini kiasi gani? Na nani anapanda naye?

Mama_Njiro: Anasema usawa wa miti ya migrivilea. Anapanda na mwanangu, ana miaka tisa. Nimeshamkubalia mtoto. Lakini baba yake mdogo ni makini jamani, hanywi, ndege inafanyiwa sevisi, na ada ya mtoto analipa yeye.

FundiBawa: Umakini wake siupingi. Shida akizunguka nyumba macho yanabaki kwa bibi, akiona anapitiliza anaikaza kona. Ndege ikilala digrii 60 bila kushuka, bawa linabeba uzito mara mbili na spidi ambayo linaanza kuachia hewa na kushindwa kuibeba ndege inapanda asilimia 41 hivi, yaani spidi iliyomtosha akienda mnyoofu pale haimtoshi. Akivuta usukani anazidisha, akikanyaga pedali kulazimisha kona bawa moja linaachia kabla ya lenzake na ndege inapinduka. Dawa yake ni kusukuma pua ielekee chini, sasa kwenye usawa wa migrivilea ataielekeza wapi? Na Kibosho ardhi inapanda kuelekea mlimani, hewa nyepesi, injini inapungukiwa nguvu.

Mbege_Baridi: Hii chai. Mwanzo wazee, sasa katokea mtoto, kesho atasema na yeye yumo.

Dada_Majengo: Ikiwa chai au sio, mimi nimeogopa.

Mama_Njiro: Sio chai! Nimemsomea shemeji hayo ya Fundi, kanuna, kasema basi atapita mara moja, juu, mnyoofu. Hapo mtoto apande?

FundiBawa: Kanuni za kimataifa ni mita 150 kutoka ardhini, na penye makazi yaliyosongamana 300 juu ya kitu kirefu kuliko vyote hapo karibu. Apite juu ya hapo asirudi, hata bibi apunge kitenge. Mtoto abaki na wewe.

Mama_Njiro: Sawa. Basi nisaidieni la kumwambia mtoto, begi kashafunga.