Damu kuganda katika ujauzito: je, hatari huisha mtu akijifungua?

Mama_Mtarajiwa
Habari zenu. Nina ujauzito wa miezi minane na miguu yangu huvimba kila ifikapo jioni, jambo ambalo kila ninayemweleza huniambia ni la kawaida. Wasiwasi wangu unatokana na mama yangu mzazi, ambaye alipata donge la damu mguuni baada ya kumzaa mdogo wangu. Ningependa kufahamu ni nani aliye katika hatari zaidi, na kama hatari hiyo huisha mara tu mtu anapojifungua. Tangu jana mguu wa kushoto umevimba kuliko wa kulia, na shavu lake linauma ninapotembea.

Mkunga_Mstaafu
Dada, sentensi yako ya mwisho ndiyo ingetangulia. Uvimbe wa kawaida wa ujauzito huwa wa miguu yote miwili na hupungua ukilala. Mguu mmoja unaovimba na kuuma ni wa kupeleka hospitali leo hii, si wa kusubiri kliniki ijayo. Usiukande wala usikubali ukandwe. Omba altrasaundi ya mishipa ya mguu, kwa kuwa kipimo cha damu kiitwacho D-dimer hakitegemeki kwa mjamzito: majibu yake huwa juu hata kwa aliye mzima. Pumzi ikikukata ghafla, kifua kikichoma unapovuta hewa, au ukikohoa damu, hiyo ni dharura, maana huenda donge limeng'oka na kufika mapafuni.

Mguu wa kushoto ndio huathirika mara nyingi zaidi, kwa sababu ateri iendayo mguu wa kulia hupita juu ya vena inayorudisha damu kutoka mguu wa kushoto na kuikandamiza, na mgandamizo huo huzidi mfuko wa uzazi unapokua. Isitoshe, mwili wa mjamzito hujiandaa kuzuia kuvuja kwa damu siku ya kujifungua kwa kuifanya damu igande kwa urahisi. Hatari yake hufika mara 4 hadi 5 ya ile ya asiye mjamzito, ingawa wanaopatwa ni 1 au 2 tu kati ya wajawazito 1,000. Huongezeka kwa aliyewahi kupata donge, mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyepata, mwenye umri unaozidi miaka 35, mnene kupita kiasi, mvutaji sigara na aliyebeba pacha. Habari za mama yako mweleze daktari waziwazi, hata asipouliza.

Mama_wa_Pacha
Mimi niliandikiwa sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, baada ya upasuaji na nikawa najichoma mwenyewe tumboni. Huacha alama za bluu kwenye ngozi, lakini huzoeleka.

Mama_Mtarajiwa
Nashukuruni sana. Altrasaundi haikuonyesha donge, ila daktari ameagiza irudiwe baada ya siku chache, na kwa sasa ameniandikia sindano hizo hizo. Je, hazitamdhuru mtoto?

Mfamasia
Heparini haivuki kondo la nyuma, kwa hiyo haimfikii mtoto, na hata anayenyonyesha huitumia bila shida. Warfarini, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, ndiyo huvuka na inaweza kumletea mtoto ulemavu, ingawa baada ya kujifungua mama anaweza kupewa huku ananyonyesha. Aspirini ya kiwango kidogo, ambayo wajawazito wengine hupewa kwa sababu ya shinikizo la damu, haichukui nafasi ya sindano hizo. Uchungu ukianza, usijichome tena kabla ya kuzungumza na wodi ya wazazi, kwa kuwa sindano ya ganzi ya mgongoni huhitaji saa kadhaa zipite tangu dozi ya mwisho.

Kuhusu swali lako la kwanza, hatari haiishi kwa kujifungua. Huwa kubwa zaidi katika wiki za mwanzo baada yake, hasa kwa aliyefanyiwa upasuaji, aliyetokwa na damu nyingi au aliyepata maambukizi, kisha hushuka sana kufikia wiki ya 6, na mabaki yake huweza kuendelea hadi wiki ya 12. Kwa hiyo inuka kitandani mapema kadiri utakavyoruhusiwa na unywe maji ya kutosha. Ukienda kuchagua njia ya uzazi wa mpango, taja historia hii, kwa sababu vidonge vyenye estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda, ilhali vile vya projestini pekee kwa kawaida huruhusiwa.